Mama Asifiwe arudisha changarawe mtoni

Saa moja asubuhi, Matema. Janeth Ambilikile anateremka kuelekea mto Lufilyo, beseni la changarawe kichwani, mguu mmoja una kandambili, mwingine peku. Hajui ile nyingine imebaki wapi. Hii ni safari ya tisa tangu jana.

"Mama Asifiwe, wenzako wanajenga, wewe unabomoa!" anamtania Hezroni, mwenye mkokoteni wa ng'ombe. Ni yeye aliyemletea changarawe hizo.

"Cheka, shemeji. Mwakani ukikosa kitoweo, utakula meno yako."

Janeth, 46, hukausha mbasa kwa moshi na kuwauza Kyela mjini. Samaki hao wamemfikisha bintiye Asifiwe kidato cha tatu.

Mbasa huishi ziwani, lakini mvua zikinyesha milimani hupanda mito ya maji baridi yaendayo kasi, wakataga kwenye changarawe safi. Mayai hujibana kati ya vijiwe, maji yakiyapa hewa. Vifaranga wakipata nguvu, huteremka ziwani.

Na changarawe hiyo hiyo ndiyo watu wanajengea. Janeth naye aliagiza mikokoteni miwili kwa msingi wa vyumba vyake viwili.

Juzi Asifiwe alikuwa akisuuza changarawe hiyo. "Mama, mbona mawe yana utelezi? Njoo uone!"

Yalikuwa mayai, yamenata kwenye vijiwe, mengine yameshakufa, yamegeuka meupe.

"Nilikaa chini pale pale," anasema Janeth. "Miaka mitatu nalalamika samaki wamekwenda wapi. Kumbe nimewanunua mwenyewe, nikawamwaga uani."

Zamani, msimu kama huu, alijaza mabeseni mawili kwa siku. Wiki nzima iliyopita amepata samaki wanne.

Tangu juzi hatulii. Akisikia mkokoteni unapita, anatoka mbio na mwiko mkononi.

"Sisemi watu wasijenge. Nasema wasichimbe mtoni mvua zikinyesha. Jamani, wewe mwenye mtoto anayesoma kwa samaki, nisikie!"

"Kwani hayo mayai yatafufuka?" anauliza Hezroni.

"Hayafufuki. Ila wanaopanda leo watatagia wapi?"

"Na mimi na ng'ombe wangu tutakula nini?"

Hilo Janeth amelifikiria usiku kucha. Msingi wake utasubiri mawe ya mlimani, anamjibu, na atakayeyasomba ni Hezroni. Jumamosi ataomba kusema kwenye mkutano wa kijiji.

Anamwaga changarawe, anazamisha mguu ule wa peku, anashusha pumzi.

"Baridi ya kutagia ingalipo," anamwambia Hezroni. "Geuza ng'ombe, tukalete zilizobaki."