Kapera Hapokei Posa

Kapera ni neno lenye umri. Kijana wa miaka ishirini ukimwita hivyo anacheka, hata anavimba kichwa kidogo. Akifika thelathini anacheka upande mmoja tu wa mdomo. Kiprugut alikuwa na hamsini, na jina lake lilibaki kwenye kipande tu, kile cheti chake cha kazi. Shambani kwa mzungu, huko juu ya Molo, wote walimwita Kapera, mpaka watoto aliowakamulia maziwa.

Si kwamba hakutaka mke. Kaka yake na shemeji yake walikufa wakamwachia Chelangat, mtoto wa miaka mitatu, na wanawake wawili aliowaposa walimwambia ampeleke huyo mtoto kwingine kwanza. Hakumpeleka. Kwa ajili ya mtoto, nyapara akamtoa kwenye nyumba ya makapera, akampa kibanda cha wenye familia. Mtoto akiondoka, naye arudi alikotoka. Ndiyo ilikuwa sheria ya laini, makazi ya wafanyakazi wa shamba.

Sasa Chelangat alikuwa msichana mzima, na Jumapili moja ya mwaka wa hamsini na sita wakaja wazee kumposa. Kutoka Rongai akaja Kipkoech, binamu ya marehemu baba wa msichana, mtu ambaye hakuwahi kumnunulia huyo msichana hata leso. Akakalia kiti cha baba.

"Wewe tuangalizie chai," akamwambia Kiprugut. "Kapera hapokei posa."

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea, watu husema hivyo kila siku. Ngoja ifike siku yenyewe uone wanamtafuta nani. Kiprugut alikuwa ameamka saa tisa kukamua, mgongo unamuuma, hakuwa na nguvu ya kubishana. Akachukua birika akatoka.

Ndani wageni wakauliza ukoo wa mama ya msichana, wasije wakaoa damu yao. Kipkoech akakohoa. Akasema ni watu wa huko chini. Wageni wakauliza tena. Mzee wao mmoja akashika fimbo yake, akasema basi hawawezi kuendelea, watarudi nyumbani.

Kiprugut alisimama mlangoni na birika. Angenyamaza, wangeondoka, na Chelangat angebaki, na kibanda kingebaki. Alimtazama msichana pale pembeni. Alikuwa ameinamisha kichwa na machozi yanamtoka, maana yeye alimpenda huyo kijana aliyewatuma wazee.

Akautaja ukoo. Akamtaja na nyanya aliyemzaa huyo mama, na kijiji alikozikwa. Wazee wakaitikia kwa vichwa, wakaridhika. "Ndivyo," akasema Kipkoech, kana kwamba ni yeye aliyesema. Kiprugut akawamiminia chai.

Baada ya harusi nyapara hakungoja hata wiki. Kiprugut akabeba blanketi lake na sufuria mpaka nyumba ya makapera. Vijana wakamsogezea nafasi karibu na mlango, penye baridi, wakamkaribisha kwa jina lile lile.

"Asanteni," akasema. Akavua viatu, akalala. Kesho yake saa tisa ng'ombe walikuwa wakimngoja.