Mama Mkwe Kwenye Mchanga Mweusi

Mama mkwe wangu hakuiamini picha. Niliipiga mwenyewe kwenye ufukwe wa kisiwa kimoja ziwani, nilipotembea huko na walimu wenzangu. Alisogeza simu karibu na macho, akasema hayo ni masizi, mchanga mweusi hivyo haupo. Wiki chache baadaye akatoka kwake Kabanga, akashuka stendi ya Ngara na kimkoba chake, akaniambia nimpeleke akaone mwenyewe. Mume wangu alikuwa mbali kikazi. Nilipompigia simu alinikumbusha kwamba mama yake ana sukari, nimwangalie.

Tulilala Biharamulo kwa shangazi yangu, na asubuhi tukateremka ziwani kupanda boti ya wavuvi. Njia nzima alishikilia ukingo wa boti kwa mikono miwili. Tangu niolewe, mimi naye hatukuwa na mazungumzo marefu. Ugomvi haukuwepo. Yeye alikuwa mtu wa kunitazama nikipika bila kusema kitu, nami nilikuwa mtu wa kuuogopa ukimya wake.

Upande wa mwaloni, boti zinakotia nanga na wanakoanika dagaa, mchanga ni wa kawaida. Ukizunguka majabali ndipo unakutana na ule mweusi, mzito, wenye chembe zinazometa kama unga wa chuma. Alichuchumaa, akachota, akasugua viganja, kisha akavitazama. Havikuchafuka. Nilimwona akicheka peke yake. Mchanga ulipoanza kumwingia kwenye viatu akavivua, akavishika mkononi, akaenda zake mpaka mwisho wa ufukwe.

Nilikaa kwenye kivuli cha jabali. Jua lilikuwa limepanda sana. Nilipoona amekawia, nilivua raba zangu nipite majini kumfuata. Hatua ya kwanza tu niliruka. Ule mchanga ulikuwa kama kikaango. Na yeye alikuwa amesimama katikati yake, peku, ametulia, anaangalia ziwa.

Nilivaa raba nikamkimbilia, nikamuuliza kama miguu haiungui.

“Nta co,” alisema. Ndilo neno lake la Kirundi la kufungia mazungumzo: hakuna kitu.

Nilimshika mkono, nikamkalisha majini na kuinua mguu mmoja. Ngozi ya unyayo ilikuwa imeachana na nyama, na pembeni malengelenge yalikuwa yameshaanza kuvimba. Mguu wa pili ulikuwa hivyohivyo. Aliitazama kama miguu ya mtu mwingine.

“Imekufa ganzi tangu mwaka jana,” alisema. “Naweza kukanyaga mwiba nisijue. Kliniki sikuwaambia. Dada yangu aliwaambia, wakamkata mguu.”

Nilichota maji kwa viganja, nikaimwagia miguu yake.

Wavuvi wawili walimbeba hadi mwaloni, na hapo nikaambiwa boti haitoki. Upepo ulikuwa umegeuka, na mawimbi yalivunjika meupe mpaka upeo wa macho. Simu haikuwa na mtandao. Watu walijaa kwenye kibanda walimomlaza, kila mmoja na dawa yake: majivu, dawa ya meno, mafuta ya sangara. Mama mmoja alishaanza kuchota majivu jikoni. Nikamwambia hapana, nataka kitambaa safi tu. Akaniuliza mimi ni daktari? Sauti zikapanda. Nilijua nikikosea, nitamrudishia mume wangu mama asiye na miguu.

Mama mkwe ndiye aliyekata maneno. Hakupaza sauti. “Msikilizeni huyu,” alisema. “Ndiye niliyekuja naye.”

Yule mama akaacha majivu, akaleta khanga iliyofuliwa.

Tulingoja mchana kutwa. Kila mara nilitoka kuangalia maji, na kila mara nahodha alitikisa kichwa. Jua lilipoanza kulegea alikubali, ingawa mawimbi hayakuwa yameisha. Alimlaza mama chini katikati ya boti, nami nikaipakata miguu yake ili maji yaliyoingia yasiiguse. Boti ilipanda na kuanguka, injini ikazima, ikawaka tena. Alifumba macho, midomo ikitembea kwa sala, na vidole vyake vilishika pindo la gauni langu mpaka tulipogusa nchi kavu.

Hospitali walimsafisha, wakampa kitanda, wakasema sukari yake ilikuwa juu sana na hawawezi kuahidi kitu. Mume wangu alipopiga simu, sauti yake ilikuwa kali. Kabla sijamaliza kueleza, mama alininyang'anya simu. Akamwambia viatu alivivua mwenyewe, kwa mikono yake, na asinipigie kelele.

Kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakikupona, kikakatwa. Vidonda vingine vyote vilifunga polepole, kwa miezi. Hakurudi Kabanga. Anakaa nasi hapa Ngara, na kanisani huenda na viatu vya kufunika ambavyo anavichukia. Jioni hukaa mkekani na kuninyooshea miguu bila kuombwa. Naigeuza kwenye mwanga, nakagua kidole kwa kidole. Hatuongei sana. Siku nyingine husinzia kabla sijamaliza.