Mtoto wa Kwanza kwenye Fomu ya Amerika

Mwaka ule Amerika nzima ilikuwa inachungulia suruali ya rais wake, na sisi, ghorofa ya nne huko Anderlecht, Ubelgiji, tulikuwa tunangoja Amerika hiyo hiyo itufungulie mlango.

Papa alikuwa ameshinda bahati nasibu. Si ya pesa, ya viza. Kila mwaka Waamerika wanachota majina ya watu wa nchi za mbali, wenye bahati wanaitwa waende kuishi kwao. Papa alijaza fomu yake katika saluni moja ya Matonge, mtaa wa watu wa kwetu. Nyuma ya saluni, karibu na beseni la kuoshea nywele, alikaa bwana mmoja aliyewaandikia watu barua na maombi. Aliandika jina la Papa, jina la Maman, kisha watoto watatu: mimi wa kwanza, halafu wadogo zangu wawili wa kiume. Bahasha kubwa ilipofika mwezi wa sita, Maman alicheza ukumbini akiwa na kapu la nguo mbichi kichwani.

Mimi sikucheza. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na sikuitaka Amerika hata kwa picha.

Kabla sijaendelea lazima niseme jambo moja, ambalo nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulisema kwa sababu halikuwa jambo. Papa hakunizaa. Alinizaa kaka yake mkubwa, aliyebaki Bukavu. Mama aliyenizaa alifariki siku niliyozaliwa, na Papa alipokuja Ubelgiji kusoma alinichukua nikiwa na miaka mitatu. Kwetu mtoto wa ndugu yako wa kiume ni mtoto wako, basi, habari imekwisha. Yule wa Bukavu ninamwita Papa Mukubwa, huyu ninamwita Papa, na sijawahi kulala nikijiuliza yupi ni wa kweli. Kwa hiyo kwenye fomu ya Amerika Papa hakudanganya. Aliandika watoto wake.

Shuleni nilikuwa msichana ambaye walimu wanasahau kumwita. Kila Ijumaa mwalimu wa historia alituachia nusu saa tubishane kuhusu habari za dunia, na mimi niliitumia nusu saa hiyo kuchora miraba. Maneno yangu yalikuja jioni, ndani ya daftari, kwa Kiswahili cha vitabu ambacho Papa, aliyekuwa mwalimu Bukavu, alinifundisha kwa lazima. Mwaka ule daftari lilijaa Waamerika.

Niliwadharau, wala sioni haya. Kila siku kwenye televisheni walitokea wazee wa bunge lao, wanene, tai nyekundu shingoni, wakizungumza juu ya ndoa na maadili ya familia kama vile wao wenyewe walizaliwa na malaika. Waliandika ripoti nzima kuhusu rais na yule binti wa ofisini, na wakaieneza duniani ili hata watoto waisome. Rais naye alisimama akakana, kidole juu kwa uhodari, kisha miezi ikapita, akakiri. Siku tatu baada ya kukiri, mabomu yake yakaangukia kiwanda cha dawa Sudani. Niliandika: «Mzungu akishikwa ugoni, Mwafrika atafute pa kujificha.» Nilijiona mwerevu sana kwa sentensi hiyo.

Mwezi huo huo vita vilirudi kwetu Kivu na simu ya Bukavu ikanyamaza. Tulikaa mbele ya televisheni tukitafuta neno moja juu ya Papa Mukubwa na mji wake. Walituonyesha ramani kwa muda wa kupiga chafya, kisha wakarudi kwenye nguo ya yule binti, kama ina doa au haina doa. Nchi kubwa kuliko zote, na akili yake yote imejikusanya kwenye doa.

Papa hakupenda dharau yangu. Yeye aliheshimu kila kitu chenye katiba.

«Wewe unaicheka inchi yenye inamuhukumu rais wake,» aliniambia. «Kwetu nani angesubutu? Angeamka bila kichwa.»

«Papa, hawamhukumu kwa ajili ya kiwanda. Wanamhukumu kwa ajili ya mapenzi.»

«Bon. Wanaanza na yenye wanaweza.»

Tonton, ndugu wa Maman, aliyekuja kutoka Schaerbeek kila Jumapili kula kwetu, alikuwa upande wangu lakini kwa sababu zake.

«Beau-frère, kule hakuna mutuelle ya kulipa daktari. Jino likikuuma unauza gari. Na kila muntu ana bunduki, ata facteur. Unapokea barua mikono juu!»

«Kula, unyamaze,» Maman alimwambia. «Wewe ukona miaka kumi hapa na ungali unakula mu frigo ya muntu mwingine.»

Maman alikuwa na haki ya kutaka kuondoka. Alikuwa muuguzi kwetu, na hapa alikuwa akisafisha vyumba vya hospitali ambamo wauguzi walimwita «ma petite», kama mtoto, ingawa aliwazidi umri. Dada yake alikuwa Amerika tayari na alimwambia kuwa huko ukifanya mtihani wao unavaa tena nguo yako nyeupe. Niliyajua haya yote. Lakini mimi nilikuwa na daftari langu, na mtu mwenye daftari anajiona hakimu.

Mahojiano ya viza yalipangwa Jumanne, wiki ya tatu ya mwezi wa kumi na mbili. Karatasi yangu ya kuzaliwa ilikuwa imefika kutoka Bukavu kabla ya vita, mkononi mwa padri mmoja mzee Mbelgiji aliyekuwa akirudi nyumbani kustaafu. Usiku wa kuamkia mahojiano Maman aliisoma mara mbili.

«Hii itatuletea maneno. Hapa pa père, pa baba, hakuna jina yako.»

«Kuna jina ya ndugu yangu,» Papa akasema.

«Ndiyo yenye ninasema.»

«Ndugu yangu ni mimi. Waache waulize, nitawaeleza.»

Aliamini kabisa kwamba kitu cha kweli kikielezwa vizuri kinaeleweka. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake lote.

Ukutani kwenye ubalozi rais wao alikuwa anatabasamu ndani ya fremu. Wiki hiyo hiyo bunge lake lilikuwa linajiandaa kumpigia kura ya kumshtaki, na yeye alikuwa anajiandaa kupiga Irak, lakini pale ukutani meno yalikuwa meupe, hakuna shida. Tuliketi watano kwa mstari, wadogo zangu wamefungwa tai za kamba ya mpira. Aliyetuita dirishani alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani, anayesema Kifaransa kizuri. Nilitaka awe mkali ili nimchukie. Hakuwa mkali.

«Na huyu mademoiselle?» aliuliza, akiwa na karatasi yangu mkononi.

«Ni mtoto wangu wa kwanza,» Papa akajibu.

«Hapa baba ni mtu mwingine, monsieur.»

«Si mtu mwingine, madame. Ni kaka yangu.»

«Donc, ni binti wa kaka yako. Ni nièce.»

Papa alicheka kidogo, kwa upole, kama anavyomcheka mwanafunzi aliyekaribia jibu.

«Ah non, madame. Nièce ni mtoto wa dada yangu. Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Ni wangu.»

Yule mwanamke alimtazama, akaandika kitu, kisha akanigeukia mimi.

«Mademoiselle, baba yako ni nani?»

Watu wote wa dirisha lile waliningoja nifungue mdomo, mimi ambaye hata mkate nilikuwa ninaununua kwa kunyoosha kidole. Nikanyoosha kidole kwa Papa.

«Huyu.»

«Na yule aliyeandikwa hapa?»

«Naye pia.»

Alivua miwani akajisugua macho. Akatueleza polepole, mara mbili, kwa sababu Papa alimwomba arudie. Sheria yao inamjua mtoto uliyemzaa, au uliyemwasili mbele ya mahakama na kukaa naye miaka kadhaa baada ya karatasi. Miaka kumi na miwili niliyokaa kwa Papa bila karatasi ya mahakama haikuwa kitu. Na bahati ya viza haingoji, inaisha mwaka wao wa serikali unapoisha, mwezi wa tisa. Wanne wanaweza kwenda. Mimi hapana.

Ndani ya metro Papa alishika karatasi yangu kwa mikono miwili kama sahani yenye supu.

Jumamosi ile tulitazama kura hiyo kwenye televisheni. Mmoja baada ya mwingine, wale wazee wa tai nyekundu walisimama kutufundisha ndoa ni nini, kiapo ni nini, mtoto aambiwe nini kuhusu baba wa taifa. Na yule waliyekuwa wamemteua awe spika wao mpya akainuka, akatangaza kwamba anajiondoa, kwa kuwa naye, kumbe, alikuwa na mambo yake nje ya ndoa. Wakampigia makofi. Nilicheka mpaka Maman akaniambia nitoke ukumbini. Hao ndio waliotunga sheria ya nani ni mtoto wa nani! Mtu anayeficha mwanamke wake hapa na pale anakaa kitini na kuamua kwamba Papa si Papa. Nililiandikia bunge la Amerika kurasa nne, na kama ningekuwa na anwani ningezituma.

Kesho yake, baada ya chakula, Maman alisema kilichokuwa kimekaa mezani tangu Jumanne.

«Atabaki kwa tonton yake Schaerbeek. Tutaenda, tutafanya papiers, tutamwita. Bantu bote banafanyaka hivi.»

Tonton alitazama sahani yake. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

Papa alinigeukia. «Wewe unasema nini?»

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo mezani. Na nilikuwa nimejitayarisha, naapa. Usiku mzima nilikuwa nimeandika sentensi nzuri ya mtu mkubwa: Nendeni, mimi nitabaki kusoma, nitawafuata. Niliijua kwa moyo. Nilimwangalia Maman, mikono yake iliyobabuka kwa dawa za kusafishia, nikafungua mdomo niitoe.

«Msiende,» nikasema.

Maman aliweka kijiko chini.

«Umesikia? Mutoto wa miaka kumi na tano anafunga mulango ya bantu bane.»

«Nilimuuliza,» Papa akasema. «Amejibu.»

«Na mimi? Mimi nani ananiuliza?»

Papa alisimama akaanza kukusanya sahani. Kwenye daftari nilikuwa na jibu la kila kitu: vita, bunduki, unafiki wa maseneta. Ukurasa wa siku hiyo una tarehe tu.

Hatukwenda. Hakuna aliyetangaza. Papa aliacha tu kuzungumzia tiketi, na Maman aliacha tu kuzungumza nami, isipokuwa kwa maneno ya lazima: chumvi, ufunguo, kelele. Mwezi wa pili Seneti yao ikamwachilia rais. Papa alisimama mbele ya televisheni mikono nyuma, kama yuko darasani.

«Umeona? Wamemusamehe,» aliniambia. «Ni bantu bakubwa, usiwacheke ovyo.»

«Wamemusamehe yeye,» Maman akasema kutoka jikoni. «Mimi bado sijasamehe.»

Hakumtaja mtu. Papa alizima televisheni akaenda chumbani. Mimi nilibaki nimesimama ukumbini na dharau yangu yote, ambayo haikuwa na mtu wa kumwendea, kwa sababu aliyekuwa jikoni hakuwa Mwamerika. Kusema kweli sikujuta nilichosema. Ningesema tena. Nilichukua kitambaa, nikaingia, nikaanza kukausha sahani alizokuwa anaziosha. Hakuniambia nitoke. Aliongeza maji ya moto kwenye beseni, akanipa sahani nyingine bila kunitazama, ikiwa bado na povu, nikaikausha hivyo hivyo.