Mtani Aliyelala Langoni

Niliondoka Shinyanga kwa sababu ya ujumbe ulioletwa na kondakta wa basi: dada yangu Kabula, aliyeolewa Ushirombo, anaumwa tumbo vibaya, na mumewe yuko kwenye machimbo ya watu binafsi, hajulikani shimo gani. Ilikuwa miaka ya sitini, mvua zimekolea. Mama alinifungia michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, akaniambia, "Usirudi peke yako." Sikuthubutu kumwuliza ana maana gani.

Njia ya kwenda Kahama ilikuwa maji matupu. Mbuga zote zilimetameta, na mawingu yalining'inia chini, mazito, kama yangetugusa. Baada ya Kahama tulivuka mto uliokuwa umefika kwenye sakafu ya basi. Tulipopanda ng'ambo niligeuka kutazama. Daraja halikuonekana tena.

Jioni nilifika Ushirombo. Kabula alikuwa mkekani, magoti ameyakunja kifuani, tumbo gumu kama ubao. Mganga wa zahanati, kijana mpole asiye na kitu kabatini ila vidonge vya maumivu, alinivuta nje.

"Huyu anahitaji kupasuliwa," alisema. "Hospitali ya serikali ni bure, lakini iko Kahama, na Kahama sasa hakufikiki. Imebaki ya mgodi, kule upande wa Geita. Ila wale wanatibu wafanyakazi wao na familia zao."

"Na sisi wengine?"

Alifuta miwani yake kwa shati. "Jaribu, ndugu yangu."

Alfajiri tulipata lori lililopeleka magogo ya kuegemezea kuta za mgodi. Dereva alitusaidia kumlaza Kabula juu ya majani ya migomba. "Nitawashusha kabla ya lango," alionya. "Wakiniona na ninyi, kesho nami natafuta kazi." Kila shimo la barabarani lilimtoa dada sauti ndogo, nami nilimwomba Mungu ainyamazishe. Karibu na mgodi ilinyamaza kweli, na nikaanza kumwomba airudishe.

Mchana tulikuwa nje ya lango. Kupitia uzio wa waya niliona paa la hospitali, nikasikia harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Ilikuwa karibu kiasi hicho. Kando yetu alikaa mama mmoja Mzinza, mtoto wake mwenye homa amemlaza mapajani. Alinisalimia kwa Kizinza, nikamjibu kwa macho tu.

Mlinzi alikuwa mtu wa makamo, koti la kijeshi limemzidi mabega.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kadi ya kazi?"

"Sina. Dada yangu anakufa."

"Wanakufa wengi hapa nje. Unatoka wapi?"

"Samuye, Shinyanga. Msukuma."

Uso wake ulibadilika. "Loo! Ndiyo maana lango limeanza kunuka maziwa! Mimi Ndahani, Mgogo wa Dodoma. Ng'ombe wako umemwachia nani?"

Wagogo ni watani wetu Wasukuma, na mtani akikuchokoza lazima umjibu. "Nimemwachia Mgogo. Nimemlipa mlenda."

Alicheka, kisha kicheko kikakatika. Alikwenda kuinama juu ya Kabula, akagusa paji la uso wake.

"Msukuma akifa ugenini, nani anashika jembe?"

"Mtani," nilijibu, na neno hilo liliniganda mdomoni.

"Na kaburi likishachimbwa?"

"Mtani anaingia, analala humo, hatoki mpaka wafiwa wamlipe."

Wakati huo gari la daktari wa mgodi lilikuwa linarudi kutoka nyumba za wakubwa. Mzee Ndahani alivua kofia, akaiweka chini vizuri, akajilaza chali katikati ya njia, mikono kifuani kama maiti. Breki zililia. Nilifumba macho.

"Ndahani! Umelewa?" Daktari alishuka, amekasirika.

"Sijalewa, daktari. Nimeingia kaburini mapema. Yule pale ni mtani wangu. Sitoki humu mpaka nilipwe."

"Ulipwe nini?"

"Yeye."

Daktari alitazama upande wetu. Alikuja, akabonyeza tumbo la Kabula kwa vidole viwili. Dada hakulia. Uso wa daktari ulinitisha kuliko yote niliyoyaona njiani.

"Inuka ufungue," alimwambia Ndahani. "Na kazi yako nadhani umeimaliza leo."

Lango lilifunguka, tukaingia, likafungwa. Yule mama alikuwa amesimama, mtoto begani, uso umegusa waya.

Siku ya kurudi Kabula alitembea mwenyewe, polepole, ameshika kidonda chake. Langoni kulikuwa na mlinzi mgeni. Lori la magogo lilipotupakia likirudi tupu, tulimkuta Mzee Ndahani barabarani, amekalia sanduku lake la bati, ndiyo kwanza amelipwa mshahara wake wa mwisho. Dereva alisimama, akampakia.

"Mgogo," Kabula alimwita kwa sauti nyembamba, "umefukuzwa kazi hata blanketi lao hukuiba?"

Alicheka mpaka akajifuta macho. "Nyamaza, mwizi wewe. Umeninyima msiba, umeninyima na ugali wa msiba."

"Wabeja," dada alimshukuru kwa Kisukuma, na hakuwa anatania tena.

Tulikwenda kitambo kabla sijamwuliza kuhusu yule mama Mzinza wa langoni.

"Aliondoka asubuhi iliyofuata," alisema Mzee Ndahani. "Alikwenda njia ya ziwani, mtoto mgongoni."

"Mtoto alikuwa hai?"

"Alikuwa amemfunika khanga." Aligeukia porini. "Aliniomba nilale tena. Ningelala vipi? Lango lilishakuwa la mwingine."

Kabula akaniuliza, "Wazinza watani wao ni nani?"

Sikujua. Dereva naye hakujua. Tangu safari ile, kila ninapofika ugenini nauliza hilo kwanza, kabla sijauliza maji ya kunywa.