Siku Kwaya Ilipoimba Chini ya Daraja la Warumi

Caren Aoko huuza mapazia katika soko la Kibuye mjini Kisumu, na wanaomjua husema hajawahi kumaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Lakini siku aliyopelekwa kuona daraja la Warumi huko Ufaransa, wasiwasi wake haukuwa wa mazoea.

Kwaya ya kanisa lao ilikuwa imealikwa kuimba katika miji ya kusini mwa nchi hiyo. Caren aliimba sauti ya pili na ndiye aliyekuwa msimamizi wa wanakwaya. Joram, mwana wa dada yake Lorine, aliimba sauti ya tatu. Kabla ya safari wazee wa kanisa walisita kumpeleka kijana asiye na mke wala kazi ya kudumu. Caren alisimama mbele yao akasema, "Huyu ni wangu. Nitaenda naye na nitarudi naye."

Asubuhi ya matembezi, wakinywa chai hotelini, Joram alimsukumia mfuko wenye shali na sabuni za manukato.

"Mpelekee mama."

"Si utampelekea mwenyewe? Kesho tunaenda nyumbani."

Joram akageukia dirisha. Caren akaelewa, akaurudisha mkate sahanini.

Daraja lilisimama juu ya mto, matao juu ya matao, mawe yake rangi ya mchanga mkavu. Mama aliyewatembeza alieleza kwamba Warumi walilijenga kuvusha maji, yapite kwenye mfereji ule wa juu kabisa, kutoka chemchemi hadi mji wa mbali. Wechuli, mwimbaji wa besi, akasema kwao mtaani Nyalenda ziwa liko palepale na maji bado yanaletwa kwa mkokoteni. Watu wakacheka. Caren hakusikia vizuri. Alikuwa akitafuta shati la bluu la Joram, na kila alipoliona lilikuwa limesogea mbali zaidi.

Mwalimu wa kwaya, Zacchaeus, akawapanga chini ya tao wakaimba. Sauti zilipanda, zikagonga mawe, zikawarudia zikiwa nzito kuliko zilivyotoka. Watalii walisimama kusikiliza. Joram aliimba amefumba macho. Caren, aliyeujua wimbo ule tangu utotoni, akasahau maneno.

Walipotawanyika kupiga picha, alimfuata Joram hadi katikati ya njia ya waenda kwa miguu juu ya daraja.

"Ni nani anakuchukua?"

"Odongo niliyesoma naye ana rafiki huku. Kuna kazi ya kuchuma zabibu."

"Unamjua?"

"Kwa simu tu."

"Nilisema nitarudi na wewe."

"Najua, mama mdogo. Ndiyo maana nilishindwa kukuambia."

"Nyumbani kuna nini kinakufukuza?"

"Hakuna kinachonifukuza. Hakuna kinachonishika pia." Joram akapapasa jiwe la ukingo. "Hata haya maji waliyatoa kwao wakayapeleka kwingine."

"Maji hayana mama," Caren akasema.

Joram akatazama ng'ambo ya mto. Huko mtu alikuwa akimpungia mkono. Zacchaeus hakuwa mbali. Caren angepaza sauti mara moja tu na mambo yangeishia hapo. Akafungua mdomo. Maneno yaliyotoka yalimshangaza yeye mwenyewe.

"Una sweta?"

Hakuwa nayo. Caren akavua yake, ya kijani, ya kike, akamvalisha kama anavyovalishwa mtoto wa shule, akamfunga vifungo. Kisha akageuka na kutembea upesi, kwa maana kusimama kulimshinda.

Ndani ya basi Zacchaeus aliita majina. "Joram yuko wapi?"

"Ameenda."

"Ameenda wapi?"

"Sijui, Mwalimu. Nilimwona akienda na sikumzuia."

Watu wote wakamgeukia. Zacchaeus akasema polepole, "Caren, umetufungia mlango sisi sote."

Huko Kisumu wazee walimwondoa kwenye usimamizi, na kwaya haijaalikwa tena. Hilo alilibeba. Lililomlemea ni kwenda Dunga, ambako Lorine hukaanga samaki ufuoni. Alimpa mfuko, akamweleza yote bila kupunguza. Lorine alinusa sabuni kwa muda mrefu.

"Alikuwa amekula?"

"Alikuwa amekula."

"Basi keti."

Caren akaketi, akainuka kusogeza kuni, akaketi, akainuka tena. Alingoja lawama. Dada yake aligeuza samaki, hakumlaumu, na Caren akaondoka mapema akisema soko linamngoja, ingawa ilikuwa Jumapili.

Siku hizi Joram hupiga simu kutoka miji ambayo hawawezi kutamka majina yake. Zabibu ziliisha; sasa anaosha vyombo hotelini, na vibali bado hajapata. Lorine humuuliza atarudi lini, naye husema mwakani. Caren hamuulizi. Humweleza habari za mvua, za gugumaji lililoziba ufuo wa Dunga, za Wechuli aliyeoa. Na kabla Joram hajasema lolote kuhusu kurudi, Caren tayari amemrudishia Lorine simu.