Mkaa wa Vifuu Una Mwenyewe

Juzi nilikuwa ofisi ya kijiji Mchinga nikisubiri muhuri, mara wakaingia mhadhiri wa chuo kikuu na ofisa wa kiwanda. Walikuja kusoma matokeo ya utafiti wao wa kugeuza taka za nazi kuwa nishati. Mbele yao aliketi mama anayetengeneza mkaa wa vifuu, mikono ina masizi mpaka viwikoni.

Mhadhiri akasoma: "Watafiti wamegundua kuwa uji wa muhogo hushikamanisha vizuri unga wa vifuu."

Mama akanyanyua mkono. "Samahani, mwanangu. Uji huo nani alikuonyesha?"

"Ni wewe, mama. Umo humu, mshiriki namba saba."

"Namba saba haipiki uji. Andika jina langu."

Ofisa akatabasamu, akasema ripoti imeshachapwa. Mama akasimama, akauchukua mfuko wa sampuli za mkaa uliokuwa mezani, akaukumbatia. "Basi na mkaa mtaupata humohumo kwenye ripoti."

Mhadhiri akachomoa kalamu, akaandika kwenye ripoti jina la mama huyo na la baba yake, akiuliza herufi moja moja. Ndipo mama akaurudisha mfuko.

Sasa nikisoma kwamba wataalamu wamegundua jambo, nauliza kwanza walilikuta jikoni kwa nani.