Mstari wa Mtoto wa Kayole

Miaka ya tisini ikielekea ukingoni, niliishi Donholm na dada yangu mkubwa, muuguzi katika kliniki ya watoto huko Kayole. Ofisi niliyofanyia kazi ilipobadilisha kompyuta, nilinunua mojawapo ya zile kuukuu nikaiweka mezani, karibu na dirisha la sebule. Jumamosi alasiri jua lilipenya pazia, na vumbi likaelea taratibu mbele ya kioo cha kompyuta. Nilikaa hapo kama mtu aliye usingizini macho wazi, nikiunda programu ya kuonyesha grafu za uzito wa watoto.

Sikutaka grafu ya kutazamwa tu. Nilitaka ukisogeza kipanya juu ya mstari, nukta iamke ikuambie mwezi na kilo. Nukta ya kwanza ilipoamka nilicheka peke yangu. Niliupitisha mshale wa kipanya huku na huko hadi chai ikapoa.

Dada alikuja akasimama nyuma yangu, bado amevaa sare.

"Inakaa kama leso," akasema.

"Rangi zinatofautisha watoto."

"Mama anataka kumwona wake. Hawa wengine wa nini?"

Nikaondoa watoto wengine wote, ukabaki mstari mmoja wa buluu, nikaunyoosha ujaze kioo kizima.

Mkubwa wa kliniki alipokubali, tuliifunga kompyuta kwa blanketi tukaipeleka Kayole kwa gari la jirani. Mama wa kwanza kukubali kuijaribu alikuwa kijana, mwenye kibanda cha mboga karibu na steji ya matatu. Binti yake alikuwa amelala mgongoni mwa mama. Niliingiza uzito kutoka kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, mstari ukajichora, nikamwonyesha namna ya kushika kipanya. Alipita polepole, mwezi baada ya mwezi, hadi mahali mstari ulipozama.

"Hapa ndipo alipougua surua," akasema. "Nilikuwa nampakata usiku kucha, sijui kama kutakucha."

Akaendelea, mstari ukapanda tena, naye akawa anatabasamu bila kujua. Alipofika mwisho, mshale ukagonga ukingo wa kioo. Akajaribu kuusukuma zaidi.

"Sista, imeishia hapa?"

"Hapo ndipo leo," dada akamjibu.

"Lakini inakaa kama imegonga ukuta."

Alisema kwa upole, wala hakulaumu mtu. Lakini maneno yale yalinishika. Nilirudi Donholm na kompyuta nikiyasikia njia nzima, nikaketi mbele ya mashine na kuusukuma mstari upande wa kushoto. Kulia nikaacha uwanja mweupe, mpana, usio na kitu. Katika yote niliyobuni, huo tu ndio uliokuwa rahisi, na ndio niliouangalia kwa muda mrefu kuliko yote. Ulikuwa kama ua uliofagiliwa asubuhi, kabla mtu hajaukanyaga.

Mama yule aliporudi kliniki kumpima mtoto, tulikuwa tumeirudisha kompyuta pale; binti alikuwa macho, akaunyoosha mkono kwenye kioo. Nukta mpya ikatua mbele kidogo ya ile ya zamani. Mama akautazama weupe ule uliobaki.

"Eh! Kumbe kuna nafasi," akasema, akambusu mtoto utosini na kumfunga tena mgongoni.